Supu ya Bi Mwanshamba

Katika ghorofa tunazoishi, kila mlango una taa. Wote wa ndani wakimeza dawa ya moyo tunayoagizwa sote, huwaka kijani. Mmoja akiacha, hugeuka nyekundu.

Sefu, mume wa Tunu, aliacha. Ni fundi cherehani, na dawa ile ilimtetemesha vidole hadi akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Taa ikawa nyekundu. Hakuna aliyewatukana, ila Tunu akitoa salamu ngazini watu walimgeuzia kisogo, na wanawe hawakupata wa kucheza nao.

Ndipo jirani yao, Bi Mwanshamba, akaleta sufuria ya supu.

“Ujirani ni kusitiriana, mwanangu. Mpe mumeo ingali moto.”

Sefu akanywa, akasifia. Asubuhi taa ilikuwa kijani.

“Imeharibika!” akacheka Sefu.

Tunu hakucheka. Mchana alimwona mumewe akihangaika na sindano, uzi ukimponyoka. Akaenda kugonga kwa jirani.

“Shikamoo, mama. Ile supu ulitia nini?”

“Marahaba. Ndimu na pilipili manga tu.” Bi Mwanshamba alimkazia macho. “Kwani hutaki wanao wacheze na wenzao?”

Kutoka uani Tunu alisikia wanawe wakicheka katikati ya kundi. Akashukuru, akarudi.

Sefu alikuwa ameinamia cherehani, akijikanda vidole.

“Mke wangu, ile supu imebaki?”

“Imebaki,” akasema Tunu, akampa mgongo na kuwasha jiko.