Sigara ya Mzee Ngiri

Mzee Ngiri, mkuu wa wanyama, alitangaza mkutanoni kwamba mtoto atakayekutwa na sigara mdomoni atachapwa, na kwamba ni marufuku kuvuta penye mkusanyiko.

"Sheria ni msumeno," akasema, "inakata mbele na nyuma!"

Makofi hayajatulia, askari Mbweha akamleta binti wa Ngiri mwenyewe, kamshika sikio, sigara mkononi inafuka moshi.

"Nani kakufundisha?" Ngiri akafoka.

"Baba, si umenituma nikuwashie jikoni? Bila kuivuta haishiki moto."

Ngiri akaipokea sigara yake, akavuta, akawapulizia moshi.

"Mchape," akamwambia Mbweha. "Kaniletea nusu."

Wanyama wakakohoa kwanza, kisha wakapiga makofi.