Mazoezi Kivukoni

"Mimi ni mtu mzima, sina maneno mengi," mzee aliliambia tairi la basi. "Nimekuja kwa heshima." Akatikisa kichwa, akaanza upya.

Musyoka, aliyekuwa amejibanza upande wa pili wa basi kutafuta kivuli, hakukusudia kusikiliza. Lakini maneno yale aliyajua. Tangu Mombasa alikuwa akiyanong'ona yeye mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 1984. Foleni ya magari yanayosubiri feri ya kuvuka kwenda Kilifi ilikuwa imepanda mpaka juu Mnarani, na abiria walikuwa wameshuka kununua korosho.

"Shikamoo, mzee," Musyoka alisema akijitokeza. "Unakwenda kuposa?"

Mzee alishtuka, kisha akacheka. "Marahaba. Umenifuma! Naitwa Joram. Nimekuwa karani wa shamba la mkonge miaka ishirini na sita, nimeandika barua za kila namna. Hii ya mdomo ndiyo imenishinda."

"Mimi ni Musyoka, fundi wa simu. Nami nakwenda kuposa, Malindi."

"Malindi! Basi safari yetu ni moja. Keti hapa."

Walikaa juu ya jiwe, wakagawana korosho. Kwa kuwa hawakutarajia kuonana tena, waliambiana yote. Musyoka alikuwa amehamishiwa Kitui na alitakiwa kuripoti mwisho wa mwezi. Yeye na msichana wake walipendana, lakini jibu la msichana lilikuwa lile lile kila mara: hawezi kumwacha mama yake mjane peke yake.

"Leo ndiyo mara ya mwisho," alisema. "Akikataa, nimempoteza."

"Wangu naye ananiambia nisubiri," Joram alisema. "Eti nyumbani kwake kuna mtu hawezi kumwacha. Mwaka wa tatu huu tunaandikiana barua. Leo nakwenda kwao bila kualikwa."

Wakaanza mazoezi. Joram alijifanya mama mkwe, akakunja uso. "Huko Kitui mwanangu atakula nini? Amezoea samaki."

"Nitamnunulia ng'ombe, nimjengee nyumba ya mawe," Musyoka alisema.

"Usiahidi ng'ombe wala nyumba ya mawe," Joram alimfundisha. "Sema utamleta kila likizo. Mama anataka kujua atamwona lini tena, basi."

Ilipofika zamu ya Joram, Musyoka alijifanya mchumba, akabana sauti. "Lakini Joram, mbona una mvi?"

"Mvi ninazo, ila meno yote ni yangu!"

Walicheka mpaka dereva akawapigia honi.

Walipofika stendi ya Malindi waliagana kwa kushikana mikono miwili. Musyoka alinunua soda, akainywa polepole ili moyo utulie, kisha akashika njia ya mtaa wa Maweni. Mbele yake aliliona koti jeusi la Joram. Akafurahi, akataka kumwita.

Ndipo alipomsikia akimuuliza mama mmoja wa mboga, "Samahani, nyumba ya fundi cherehani, yenye mlango wa kijani, ni ipi?"

Ilikuwa nyumba ya akina Idah, msichana wa Musyoka. *Kuna mtu hawezi kumwacha.* Kumbe jibu lile lile Idah alikuwa akimpa na mwingine, kwa barua, miaka mitatu! Na mtu mwenyewe umri wa baba yake!

Alikimbia. Walifika mlangoni pamoja, mmoja akitweta, mwingine akifunga vifungo vya koti.

"Wewe?" Joram alisema.

"Mimi," Musyoka alijibu kwa ukali. "Ungeniambia jina lake kule Mnarani, tusingechekeana."

Kabla Joram hajajibu, mlango ulifunguka. Idah alimwona Musyoka, akatabasamu. Kisha akamwona mzee mwenye koti, na tabasamu likapotea.

Joram akavua kofia. "Hujambo, mwanangu. Tafadhali niitie mama."

Mzee alikuwa anamtangulia Musyoka kwa mama, tena kwa maneno waliyoyafanyia mazoezi pamoja! Musyoka akasogea mbele, bega kwa bega, tayari kusema kwanza.

Mama akatoka, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alipowaona alishika fremu ya mlango.

"Mama, mimi—" Musyoka alianza.

"Jedida," Joram alimkatiza, naye hotuba yote ilikuwa imemtoka kichwani. "Nimechoka na barua. Nimekuja kukuoa."

Mama alimtazama Musyoka, kisha akamgeukia binti yake.

"Idah, kumbe mimi na wewe tulikuwa tukisubiriana," alisema taratibu. "Basi la Kitui huondoka siku gani?"