Taa ya Mkanda

Taa ya kijani kwenye mkanda wa mtoto ilizimika, na mama akaita.

"Nesi, imezimika tena."

Nesi akainama, akakigonga kile kisanduku kiunoni mwa mtoto. Betri nzima. Mkanda umekazwa sawasawa. Akarudia kumweleza mama kwamba kidonge chenye kamera kinapiga picha tumboni na kuzirusha kwenye mkanda, na picha zikifika, taa huwaka. Isipowaka, hakuna kinachofika.

Mtoto alikuwa akipoteza damu na hakuna aliyejua inavujia wapi. Walimchungulia kwa mpira wenye kamera, wa kupitia mdomoni na wa kupitia njia ya haja, wakatoka mikono mitupu. Umebaki utumbo mwembamba, na huko mpira haufiki. Daktari alishasema bila kuficha: kidonge kikishindwa, anapasuliwa, watafute kwa mikono. Na damu yenyewe aliyobaki nayo ni ya kuongezewa.

Ndiyo maana mama hakufanya mzaha na masharti. Mtoto alishinda bila kula, maana kijiko kimoja tu cha uji kinatosha kuiziba kamera. Alikunywa dawa ya kusafisha tumbo mpaka akawa anatoa maji matupu. Vidonge vya kuongeza damu vilisimamishwa mapema, kwa sababu huacha weusi ndani.

Shida ilikuja kwenye kumeza. Chiriku, kama walivyomwita mtoto kwa maneno yake mengi, aliliona lile dude lenye jicho akafumba mdomo. Nesi akabembeleza, mama akatishia, wapi. Bibi yake, aliyekuja nao, akawaomba wawapishe kidogo. Nyumbani yeye ndiye mwenye kazi ya dawa, na ana mtindo wake: anaonja kwanza yeye, analamba midomo, ndipo mjukuu anakubali.

Waliporudi, kikombe kilikuwa kitupu na bibi anajifuta jasho.

"Kimekwenda," alisema.

Tangu hapo Chiriku hakutoa neno.

Sasa bibi alirudi kutoka chooni, akampakata mjukuu wake, akamkumbatia kwa nguvu. Taa ikawaka.

"Kumbe betri ni wewe, bibi," nesi akatania.

Mama alimwomba bibi amwachie mtoto atembee, kwa kuwa nesi alisema mwendo husaidia kidonge kutoka kwenye mfuko wa chakula. Kikikwama hapo, betri itaisha bure. Bibi akasema mtoto amechoka. Mama akasema yeye ndiye mzazi. Bibi akamkumbatia zaidi, na mtoto naye akamng'ang'ania shingoni.

"Bibi, unataka wampasue?" mama akauliza.

Mikono ya bibi ikalegea yenyewe.

Chiriku akatembea polepole hadi dirishani. Kabla hajafika, taa ilikuwa imezimika. Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akatikisa kichwa. Akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Mama akaketi sakafuni pale pale alipokuwa.

Nesi akamfungua mtoto ule mkanda mbovu, akaubeba kuupeleka kabatini. Njia ilikuwa nyembamba, akapita akigusana na magoti ya bibi.

Taa ikawaka.

Bibi akainamisha macho, akalifunika tumbo lake kwa mikono miwili.