Goti la Mwanakombo

Kitu cha kwanza alichokiona Saumu ni kidole gumba chake kuvimba, na mwiko ungali mkononi. Ndipo runinga ikamwonyesha dada yake, Mwanakombo, akigongana na beki wa timu pinzani, akiangukia mkono na goti, kisha akiinuka huku anacheka.

Michezo ya mataifa ilikuwa hivyo siku hizi. Kila mwanamke aliyecheza mpira wa mikono alikuwa na ndugu nyumbani wa kumbebea maumivu na uchovu, ili yeye akimbie mwepesi mpaka filimbi ya mwisho. Saumu hakuolewa wala hakumaliza shule, basi hakuna aliyemuuliza kama anataka kumbebea dada yake.

"Sima inaungua," alisema mama yao, Bi Mize, bila kubandua macho kwenye runinga.

"Mama, goti nalo linaniuma."

"Goti la mwenzio hilo. Wewe umekaa tu."

"Mbona limekuja kwangu?"

"Basi kaa nalo vizuri, tunaongoza."

Saumu akasonga sima kwa mkono wa kushoto, mguu mmoja juu kama korongo. Mwanakombo akaruka, akafunga, akatua kwa goti lile lile. Sufuria ikapinduka. Majirani wakapiga vigelegele.

Jioni simu ikalia. "Mdogo wangu, kesho fainali. Mwili wangu mwepesi kama pamba. Na wewe u mzima, eti?"

Bi Mize akamkonyeza aitikie, kama siku zote. Saumu alilitazama goti lake, limejaa kama boga.

"Dada," alisema, "tangu mechi ya kwanza namwomba Mungu mfungwe."