Zamu ya Mama Mitchel

Rosebella wa Ekero alikuwa wa kwanza kufungua blauzi, tena bila kuombwa mara mbili. "Haya, tazameni! Palikuwa na kilima, sasa ni uwanja wa mpira," akasema, na wenzake wakacheka huku wakifuta machozi. Sylvia alicheka pia, lakini mikono yake ilikuwa imevishika vifungo vyake na haikutaka kuviachilia.

Ilikuwa Alhamisi ya nane ya kundi lao la wanawake waliokatwa titi kwa saratani. Kemunto, mshauri wao, alikuwa amewaambia tangu wiki iliyopita kwamba leo kila mmoja ataonyesha kovu lake, maana kovu linalofichwa humtesa mwenyewe. Mapazia ya ukumbi wa kanisa yalikuwa yamefungwa na mlango umerudishwa. Nje, kwenye benchi chini ya dirisha, alikuwa ameketi Joash, mumewe Sylvia, kama kila Alhamisi.

Ee, huyo Joash! Wanawake walimwonea Sylvia wivu waziwazi. Waume wa wengine walihama chumba baada ya upasuaji, na mmoja alihama kabisa, akaoa kwingine. Joash aliacha kukata miwa tangu ugonjwa uingie nyumbani, na hakukosa hata Alhamisi moja. Ila kuingia ndani, hata kwa kikombe cha chai, alikataa katakata. Mtu aliyesimama mbele ya kijiji kizima akatahiriwa bila kupepesa jicho, eti anaogopa chumba cha wanawake!

"Mwambie aingie, hatutamla," Nekoye wa Chekalini alizoea kumtania.

"Mwacheni tu," Sylvia alijibu. "Akisikia sauti zenu inamtosha."

Kila mara njiani kurudi Joash alitaka kujua yote. "Wamesema nini leo, Mama Mitchel? Huyo wa Ekero, ameanza kuoga bila kujifungia?" Sylvia alimsimulia neno kwa neno. Alijua nyumba yao ilivyokuwa kabla ya kundi hili. Taa ilizimwa kwanza ndipo nguo zivuliwe, na kitandani mtu alilala na shati, amegeukia ukuta. Humo chumbani yalitamkwa maneno ambayo mpaka leo hayajamtoka masikioni: "Heri ningekufa na mwili mzima."

Sasa angalau chakula kililiwa, na siku moja moja kicheko kilisikika. Yote hayo yalitoka katika ukumbi huu. Na Sylvia alijua kwamba akifungua vifungo hivi leo, hataruhusiwa kurudi tena, na yale maneno ya kufa yatarudi nyumbani kwake.

Nekoye alifungua. Aliyefuata alifungua nusu, akalia, Kemunto akamshika bega mpaka akamaliza. Pamba na vitambaa walivyozoea kujaza kwenye sidiria vilikuwa vimerundikwa mezani, karibu na birika la chai. Hapo ndipo Rosebella alipomgeukia Sylvia. Tangu wiki ya pili alikuwa akimsumbua kwa swali moja: "Hilo lako nani alikushonea? Limekaa vizuri mpaka naona wivu!" Na Sylvia kila mara alisema atamfundisha siku moja, kisha akaomba sukari.

"Mama Mitchel, ni zamu yako," Kemunto alisema taratibu.

"Leo sijisikii."

"Hakuna anayejisikianga, mama."

"Nikifungua mtanichukia."

"Tukuchukie kwa nini? Sisi wote hapa tumekatwa," Rosebella alisema. "Wewe ndiye unatusikilizanga kuliko wote. Hata tukikohoa, umeshika kichwani! Leo sisi tumekuvulia kila kitu, halafu wewe unatunyima chako?"

Maneno hayo yalimchoma Sylvia, kwa sababu yalikuwa kweli. Wanawake hawa walikuwa wamemvulia nguo zao na siri zao, na kuendelea kuketi mbele yao amejifunga kulikuwa wizi mtupu. Roho ilimuuma. Alitazama dirisha lenye pazia, akaomba msamaha kimoyomoyo, akafungua kifungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Alipomaliza, alishusha blauzi na sidiria pamoja, akafumba macho.

Kisha kiti kikasukumwa nyuma.

"Yote mawili," Rosebella alisema. "Jamani, yote mawili, mazima! Wiki nane umekaa hapa unakunywa machozi yetu! Unatafuta nini kwetu, mchawi wewe?"

Sylvia alifungua kinywa, akakumbuka kiapo alichokula nyumbani kwake, akakifunga tena. Machozi yalimdondoka kifuani na hakuyafuta.

"Toka!" Nekoye alifoka. "Toka kabla sijakutoa kwa nywele!"

Mlango ulisukumwa ukagonga ukuta. Wanawake walipiga mayowe, kila mmoja akajifunika kwa kilichokuwa karibu. Joash alikuwa amesimama kizingitini, macho ameyatupa sakafuni.

"Msimtukane mke wangu," alisema, na vidole vyake vinene vikaanza kuhangaika na vifungo vya shati. "Aliyekatwa ni mimi."