Sahani ya Doria

Shemeji yake Perpetua aliingia jikoni na kamba mkononi. Walikuwa wamekubaliana kwamba mbwa wao Doria asipoinuka leo, atapelekwa kutupwa porini.

Perpetua alikuwa akichota karoti na boga kutoka kwenye sufuria, kabla hajaunga mboga kwa vitunguu na chumvi.

"Mbwa anapakuliwa kabla yangu, shemeji?"

"Vitunguu ndivyo vilivyomlaza. Tulimpa mabaki ya mchuzi kila siku, mpaka daktari wa mifugo akatukataza. Yako nitaiunga, subiri."

"Basi mfunge na kitambaa kifuani, asijichafue."

Perpetua aliponda karoti na boga, akachanganya na nyama iliyochemshwa kama alivyofanya wiki nzima, akapepea mpaka chakula kikapoa. Doria alinusa, akala taratibu akiwa amelala, kisha akaramba sahani hadi ikateleza mbali naye. Akainuka, akaifuata kwa miguu yake mwenyewe.

Perpetua alicheka huku machozi yakimtoka.

Doria akamgeukia shemeji, akaing'ata ncha ya kamba na kuivuta kuelekea getini. Mwanamume yule, aliyekuwa bado ameshika ncha ya pili, akajikuta anafuata.