Udongo wa Kulinganishia

Bwana Mifuko alikataa kiazi tena. Mjane alikuwa amekichemsha asubuhi ile ile, akakimenya mwenyewe, akakiweka kwenye sahani na chumvi pembeni. Mwaka wa saba huu anamwandalia, na mwaka wa saba anapewa jibu lile lile: tumbo halijakaa sawa.

"Hilo tumbo lako, mwanangu, huumwa ukifika kwangu tu," mjane alisema.

Mpimaji huyo wa mgodi alicheka kidogo, akainama kuchota udongo. Jina la Bwana Mifuko alibandikwa na wakulima kwa sababu ya mifuko yake ya plastiki: mmoja wa udongo, mmoja wa viazi, kila shamba linalopakana na mgodi wa urani, kila mwaka. Nyuma ya shamba la mjane kilisimama kilima cha mchanga wa kijivu, mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa. Zamani mgodi ulikuwa ukiugawa mchanga ule bure kwa yeyote aliyetaka kujengea. Siku moja ukaacha, wala haukusema kwa nini.

"Niambie ukweli," mjane alisema. "Viazi hivi niwape wajukuu au nisiwape?"

"Wape tu, mama. Vipimo havijawahi kuonyesha tatizo."

"Basi kula."

Mpimaji alifunga mfuko, akaaga.

Hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomsaidia kupata usingizi. Udongo wowote una mionzi yake ya asili. Swali lilikuwa kama wa pale umezidi. Mashine ya maabara ya mgodi ilikuwa kuukuu, namba zake zikipanda na kushuka zinavyotaka zenyewe, kwa hiyo walipima kwa kulinganisha. Mfuko wa shamba uliwekwa kwanza, kisha mfuko wa udongo uliotoka mbali na mgodi. Wa shamba ukizidi, wakulima wahamishwe. Ukilingana, hakuna neno. Miaka yote ulikuwa umelingana, na wakubwa walimpenda mpimaji wao kuliko mfanyakazi yeyote.

Udongo wa mbali aliuchota bustanini kwa mama yake, mwendo wa saa tatu kwa gari. Ofisi ilitaka mahali popote ambapo mgodi haujafika, naye akaona safari ya kazi isiende bure. Anamjulia hali mama katika nyumba aliyomjengea mwaka wake wa kwanza kazini, anajaza mfuko mmoja, anarudi na gunia la mboga. Jikoni kwake hakikuingia chochote kilichoota karibu na mgodi. Vipimo alivisaini vizuri tu, lakini mdomo wake hakuutia saini.

Na sasa alikuwa na sababu kubwa zaidi. Binti yake, aliyeolewa na mchimbaji na kuishi kwenye nyumba za wafanyakazi, alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Daktari hakujua kwa nini. Mimba ya tatu ilipotimiza miezi miwili, baba mtu alimpakia kwenye gari na kumpeleka kwa bibi yake.

"Utakula vya bustanini kwa bibi tu," alimwambia njiani. "Cha kule kwetu, hata ukitamani, usiguse. Nimeshazika matumaini mawili, la tatu siliwezi."

Jumamosi ile alipofika na jembe lake, mimba ilikuwa na miezi saba. Alimkuta binti kibarazani, miguu kainyoosha, sahani ya mchicha juu ya tumbo kama mezani. Machozi yalimlengalenga mpimaji kwa furaha, akajifanya anapangusa vumbi.

"Umenawiri."

"Bibi ananishindilia, baba. Asubuhi mchicha, mchana viazi, jioni mchicha tena. Nitazaa mboga."

Alicheka hadi bustanini. Mama yake alikuwa huko, ameinama kati ya matuta yake yaliyoinuka vizuri, anang'oa magugu. Mpimaji alimwamkia, akachagua tuta la mwisho, akaanza kuchimba. Kwa kawaida alikwangua wa juu tu, ule mweusi wenye samadi, akamaliza. Mwaka huu mkubwa mpya wa maabara alikuwa ameagiza udongo uchimbwe kwa kina cha mkono mzima.

Alipiga jembe mara tatu. Mara ya nne likatoka na kitu cha kijivu.

Alipiga magoti, akakichukua kwa vidole, akakisugua. Akahamia tuta la pili, akachimba. Akahamia la tatu.

"Unaniharibia viazi, wewe!" mama yake alisema. "Unatafuta nini?"

"Mama," alisema, "hapa si palikuwa bonde? Si palikuwa panatuama maji?"

"Maji mpaka magotini! Mboga zilikuwa zinaniozea, umesahau?"

"Ukapajaza na nini?"

Mama yake alinyoosha mgongo, akamtazama kwa upendo, kama mtu anayefichua jambo jema alilolitunza muda mrefu.

"Si ule mchanga wako wa mgodini, baba! Ulileta malori matatu ya kujengea, fundi akatumia moja. Mawili nikayatandaza humu mote, nikachanganya na samadi, na tangu mwaka ule sijakosa mboga hata siku moja."

Kibarazani binti alikuwa anagonga sahani tupu kwa kijiko, anauliza kama mchicha umebaki.